Mlango Nilioufungua Houston

Shikamoo dada Agnes,

Jua la huku linakaanga mayai barabarani, nimeyala mwenyewe. Jana binti yako Rehema alinipeleka kazini kwake, kwenye mtambo wa serikali unaopoza ofisi za mjini kwa mabomba ya maji baridi. Kazi yake ni kupunguza hewa ya kaboni inayotoka mtamboni. Nikawaambia wenzake nimejenga mitambo mitatu kama huo Morogoro! Baridi ya ofisini iliponizidi, nikaacha mlango wazi niote jua. Mashine zikanguruma kupambana na joto, bosi akaja mbio: “Nani kafungua?”

“Mimi, bosi,” akasema Rehema.

Akagombezwa, nami fundi mkuu kimya. Dada, nimeona haya. Wabusu wajukuu. Kesho narudi kusema ukweli. Niombee nisiongeze chumvi.

Mdogo wako Damas