Mbuzi Aliyebaki kwa Bimdogo

Chula,
Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Kwa kaka yangu Shuaibu,

Asalamu alaikum. Nakusalimu salamu za dada aliyeagana nawe ukiwa na nywele nyeusi, na namwomba Mola karatasi hii ikukute mzima, ule mkono wako umepoa maumivu, na wifi Lubna kifua kimemwachia. Mimi nakula, nasali, nagombana na majirani, kwa hiyo ujue niko hai. Magoti yananisumbua, lakini magoti ya mwanamke wa umri wangu si habari ya kumwandikia mtu aliye Mombasa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu wewe hunikata maneno, na mimi nikikatwa hushukuru, maana napata pa kujificha. Karatasi haimkatizi mtu. Anakuletea Mansur, anayekuja huko kutazamwa jicho, na nimemwapisha asikupe mpaka akuone umekaa kitako.

Kaka, mbuzi wako wamekwisha. Wote kumi na wawili. Wa mwisho, yule jike wa masikio marefu uliyempenda kwenye picha, amekufa Alhamisi asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Najua ulichosema siku walipopakiwa mashuani pale Kismayo. Ulisema mbuzi wakisimama nawe utarudi. Kwamba mkono wako hauvuti tena mshipi wa kuvulia, basi utaishi kwa maziwa na vitoto vyao kwenye kiwanja cha Mama, na siku ikifika uzikwe hapa hapa. Zaidi ya miaka thelathini unaitwa mkimbizi, na sharti lako la kurudi lilikuwa hilo moja tu.

Walifika wanono, wallahi, mpaka watu wakaja kuwatazama. Lakini mvua zimetupita misimu miwili, nyasi zikawa vumbi, na kijani pekee kilichobaki kisiwani ni ile miti ya lusina waliyoipanda watu wa mradi nyuma ya skuli, kabla ya vita. Unakumbuka mbuzi wa Mama walivyokuwa wakiifakamia lusina kama halua. Nikasema, hawa wana nini hata wasiile? Nikawafungulia. Hazikupita wiki tatu, manyoya yakaanza kung'oka mikiani, mate yakawa yanawachuruzika, na shingo zikavimba hapo kooni. Mimi nikasema ni jicho. Kisiwa hiki macho yake nayajua. Nikafukiza ubani, nikamwita maalimu awasomee. Wapi! Wawili wakafa wiki ile ile.

Ndipo alipokuja Mohdhar, yule daktari wa mifugo wa Kismayo, kwa safari yake ya chanjo. Alinikalisha chini kama mtoto wa chuoni. Alisema tumboni mwa mbuzi mna vijidudu wengi wasiohesabika, wadogo hata jicho haliwaoni, na hao hasa ndio wanaoyala majani. Mbuzi mwenyewe kazi yake ni kuwatafunia. Kila aina ina chakula chake. Jani likishuka, wale wanaolijua hulihisi, huamka, hutoa maji yao ya kulivunja, na huzaana. Wasiolijua hukaa kimya. Lusina ina sumu yake, na wapo vijidudu wa namna moja wanaoiweza. Mbuzi wa Mama walikuwa nao, wakipeana mzazi na mwana, kwa mate, kwa kulambana, kwa kunywa karai moja. Hawa wa bara matumbo yao yalijua migunga. Lusina iliposhuka, hapakuwa na wa kuamka.

Nikamwambia basi Mama alikuwa daktari kumshinda yeye. Unakumbuka? Mbuzi akiumwa, Mama alimshika mzima anayecheua, akamtia vidole kinywani, akachomoa lile tonge la kijani na kumsokomeza mgonjwa, huku akisema kwa Kibajuni chake mchu huponywa na mwenziwe, mtu kwa mtu, mnyama kwa mnyama. Sisi tulikimbia nje kwa kinyaa. Mohdhar hakuona kinyaa wala hakucheka. Alisema dawa ni hiyo hiyo, yeye hana ya kopo inayoishinda. Nimtafute mbuzi mmoja wa asili ya hapa, aliyekulia lusina, nimfunge pamoja na wagonjwa, nao niwape matonge yake. Baadhi watakufa, alisema, lakini kama nitafanya haraka wengi watasimama.

Mbuzi wa asili ya hapa! Ukame ule wa juzi uliwafagia. Mohdhar aliuliza kisiwa cha Ngumi, akauliza na cha Fuma, akaambiwa waliopo wote wameletwa kutoka bara. Amebaki mmoja, mweusi, kizee, pembe moja imekatika. Wa uzao wa mbuzi wa Mama. Na alikuwa kwa Bimdogo, binti wa mama yetu mdogo.

Hapa kaka kalamu inanipiga chenga. Wewe ulinipigia simu, nikakudokezea dawa ya Mohdhar, ukauliza kama nimempata huyo mbuzi, nami nikakwambia Bimdogo amekataa, kasema mbuzi wake hatiwi vidole kinywani kwa ajili ya mbuzi wa mtu. Ukapandwa na mori. Nasikia ulimpigia saa ile ile, hukumpa nafasi hata ya kuitika salamu. Ulimwambia akae na mbuzi wake, amle peke yake, na kuanzia siku hiyo asijiite ndugu yako.

Bimdogo hakukataa. Sikumwomba.

Sikukanyaga mlango wake. Nilifika mpaka kisimani, nikarudi, mara tatu. Si wewe tu uliyekosa mazishi ya Mama, kaka. Mimi nilikuwa hapo Kismayo tu, namuuguza mwanangu Nuha, na niliporudi nilikuta kaburi bichi. Bimdogo ndiye aliyemwosha, Bimdogo ndiye aliyemkafini, na Mama mgonjwa alikuwa amempa Bimdogo yule mbuzi kwa mkono wake. Najua maiti haingojwi. Najua alimuuguza miezi minne na mimi sikuwapo. Ndiyo maana hasa nilimchukia. Ningepiga hodi kwake na kusema, dada, naomba kidogo cha mbuzi wa mama yangu? Ulimi ulikataa. Nikaona bora nikudanganye, na huku mbuzi wako wanadondoka mmoja mmoja, nami kila asubuhi najiambia kesho nitakwenda.

Walipobaki wanne, nilikwenda. Nilikwenda kweli, mchana kweupe, nimevaa buibui langu la heshima. Nikakutana naye yuko mlangoni anatoka, amebeba sinia lililofunikwa, anakuja kwangu. Akaanza kulia kabla sijasema neno. Alisema Shuaibu amemwambia amle mbuzi wake peke yake, na yeye hajui amekosa nini, lakini hataki mnyama asimame kati yake na watoto wa mama mkubwa. Basi amemchinja alfajiri ile, amegawa nyumba zote, yeye hakubakisha hata mfupa, na hilo alilobeba ni paja, langu mimi, alilitenga kabla ya yote.

Nikakumbuka Mohdhar alisema yale majani ya tumboni yenyewe, yakiwa mabichi, yanatosha. Nikamuuliza tumbo liko wapi. Maskini alidhani nataka matumbo ya kupika. Akasema ameyaosha baharini tangu alfajiri, yametakata meupe pepepe, na amempelekea bi Safiya mjane. Kilichokuwamo kimekwenda na maji. Akaniomba radhi kwa kutoniwekea.

Nikalipokea lile paja. Nikasema ahsante. Sikusema lingine, si siku ile wala mpaka leo. Nililipika, na nililila, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Mohdhar nimempigia. Anasema hajui tena pa kutafuta, na hata ukileta mbuzi wengine hamsini watakula lusina ile ile na watakufa vile vile, na mvua hakuna anayeiahidi. Kwa hiyo usije, kaka. Najua ninachokwambia. Ungekuja ungekuta kiwanja, mizoga niliyoizika kwa mikono yangu, na mimi. Mwambie Lubna asifungashe vyombo. Ukinilaani nitaitika amina, lakini nakuomba, kabla hujanilaani, mpigie Bimdogo umwombe msamaha. Mimi najaribu kila siku, nashindwa. Ni mwoga, Shuaibu. Hukulijua hilo, na mimi sikulijua.

Nisalimie Lubna na wote wanaotuulizia huko. Nuha anakuamkia shikamoo. Bimdogo naye, nilipomwambia nakuandikia, amenituma nikusalimu sana, na nikuulize kama moyo wako sasa umeridhika naye.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Mwanapili