Rangi Niliyokataa Kuipaka Ng'ambo ya Ruvuma

Mama yangu, shikamoo.

Najua Somoe ndiye anayekusomea. Somoe mdogo wangu, soma neno kwa neno, usiruke palipo na ukali ukadhani unamlinda mama. Barua yote hii ni ukali.

Kifua chako kinaendeleaje, mama? Ile dawa ya shangazi ilisaidia? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ingawa baridi ya huku Ulaya inaingia mpaka kwenye meno. Moyo ndio haujatulia. Nimekasirika, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Uliwaambia watu wote wa Mtanda kwamba nimekuja kujifunza kusoma ramani. Huku husomi, mama, unachora. Kila mwanafunzi anapewa kipande cha dunia, anakichora mwenyewe mpaka akijue. Mimi nilipewa Afrika yetu, ya Mashariki na ya Kusini. Unaanza na pwani kwa kalamu ya risasi, kisha mito, kisha milima kwa rangi ya udongo, na mwisho mipaka na nchi. Ramani hiyo ndiyo mtihani. Asiyeimaliza hapati cheti, na bila cheti ile kazi niliyoahidiwa ofisi ya ardhi Lindi anapewa mwingine.

Nilijitahidi, mama. Nimejua Zambezi inapoanzia na Limpopo inavyojikunja. Nilipofika Kilwa mkono ulikwenda wenyewe, visiwa vyote, nikateremka hadi ghuba yetu ya Lindi, hadi Mikindani. Ruvuma nikaichora buluu kama mito mingine, nikaendelea zangu kusini.

"Mpaka uko wapi?" mwalimu akaniuliza.

Wallahi nilikuwa nimeusahau! Darasa zima likacheka, eti Mtanzania hajui nchi yake inaishia wapi. Wacheke tu. Sisi Ruvuma imekuwa ukuta tangu lini? Kiangazi mtu anavuka kwa miguu, mzigo kichwani, anakwenda kulima, anakwenda kuoa, anakwenda msibani. Wewe mwenyewe umezaliwa ng'ambo ukaolewa Lindi.

Basi nikauchora huo mpaka. Nilikumbuka bibi alipofariki, ulivyojifunga kanga ukaenda kumzika, na askari wa Mreno wakakurudisha kwa bunduki ukiwa umeshakanyaga maji. Mpaka upo, siwezi kubisha.

Lakini mwalimu hakuishia hapo. Akaniwekea mezani kichupa cha rangi ya kijani. Kijani ndiyo Ureno katika ramani za huku. Alitaka Msumbiji nzima, kuanzia ukingo wa Ruvuma, niipake kijani sawasawa na kale kanchi kao ka huku Ulaya, kama vile ni ua wa nyumba yao! Nikamwambia sipaki.

"Ramani haina hasira, Issa. Inaonyesha waliopo."

"Waliopo ni wajomba zangu."

"Hata wajomba zako wana mtawala."

Ah! Ningekuwa nyumbani ningemtolea tusi la Kimakonde ambalo Somoe asingeweza kukusomea. Nyumbani kila mkutano tunaambiwa ndugu zetu wa kusini bado hawajawa huru, halafu mimi niwapake rangi ya Mreno kwa mkono wangu? Mzambia ninayeishi naye chumba kimoja akaniambia, "Paka bwana, ni rangi tu, urudi kwenu na cheti." Nikagombana naye pia. Mpaka leo tunanuniana.

Nikampelekea mwalimu ramani, Msumbiji ikiwa bado nyeupe. Mwalimu hakunifukuza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alichukua brashi akapaka mwenyewe, taratibu, huku nikitazama. Akasema sasa nimefaulu, na kweli alikuwa akinihurumia. Kilichobaki ni kuandika jina langu pembeni chini, maana huku kila ramani hubeba jina la aliyeichora, na bila jina hakuna cheti.

Alinishikisha kalamu. Nikaitazama nchi uliyozaliwa, imekuwa kijani hadi ukingoni, rangi haijakauka. Nikaiweka kalamu mezani, nikatoka.

Kwa hiyo narudi mikono mitupu, mama. Najua wewe ndiye utakayesemwa. Watu wa Mtanda watauliza huyu bwana ramani wako vipi tena, na wapo watakaocheka. Ukinikasirikia una haki, nigombeze nikifika. Ila usikubali mtu aseme nimefeli. Sikufeli.

Nisalimie shangazi yangu muuza vitumbua, mwambie huku hakuna chai ya kunyweka. Nisalimie baba mdogo kule Tingi, natumaini kijiji chao kipya kimempa nafasi ya kupanda mikorosho. Mjomba muadhini aniombee dua ya safari. Na ukipata mtu wa kuaminika anayevuka kwa siri, wafikishie wa ng'ambo salamu zangu.

Jina ambalo mwalimu hakulipata ni hili hapa.

Mwanao,
Issa Selemani Chilumba