Kiti cha Katikati

Bujonde, Kyela
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Godwin,

Ugonile, shemeji. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko Sauzi kimeachia. Sisi hapa tunapumua. Mama miguu inamuuma kama kawaida yake, lakini mdomo hauna ugonjwa, anatugombeza wote kuanzia asubuhi. Kakao imeanza kuiva na tumbili wameshatangulia kuonja. Kisa amekuwa wa tatu darasani na anataka dunia nzima ijue, kwa hiyo nakuambia kabla hajaja kuchungulia ninachoandika.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Barua hii atakuletea Yusto mwenyewe, safari hii ya lori lake. Ukimwona amekaa tu hapo kwako na haagi, usimharakishe. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Nawe kaa chini, shemeji. Kuna neno zito humu, na nitaanza na viti, kwa sababu viti ndivyo vilivyonifikisha kwenye kuandika.

Viti vya watoto ulivyotuma vilifika salama. Ndaga fijo, asante sana. Yusto anasema pale mpakani Kasumulu afisa wa forodha alivizunguka mara tatu, akauliza kama tunafungua saluni. Alipoambiwa ni vya kufungia watoto ndani ya gari, akauliza watoto wenyewe wana kosa gani.

Kila kiti kilikuwa na karatasi yenye mwandiko wako. Kisa. Asifiwe. Ambwene. Cha Asifiwe ulichagua chenye maua ya zambarau, na chini ukaandika: ana miaka minne na nusu sasa, kitamtosha mpaka saba. Kaka yako Dickson aliisoma hiyo, akatoka nje, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Shemeji, Asifiwe hayupo. Alifariki Jumatano ile, siku nne baada ya harusi ya Ikolo, wewe ukiwa umeshavuka mto Songwe kurudi Sauzi tangu Jumatatu. Tumekuficha miaka miwili na miezi mitano. Simama hapo kidogo kabla ya kuendelea. Yusto yupo.

Siku ile ya harusi Dickson alikuwa ametangulia, wewe ndiye uliyeendesha, unakumbuka tulivyopangana. Baba mbele kwa sababu ni mzee. Mama na Kisa nyuma, pamoja na gunia la mpunga na mikungu ya ndizi. Pa kunibana mimi palikuwepo. Lakini Baba yumo garini, na unajua nilivyofundishwa nilipoolewa: nisikae alipo baba mkwe, nisimtazame usoni, jina lake nisilitaje, nikiwa na neno lipitie kwa mtoto. Wenzangu wengi siku hizi wamelegeza. Mimi nilikuwa natolewa mfano kijiji kizima kwa kulishika. Basi na mimba yangu ya Ambwene nikapanda bodaboda, na Asifiwe nikampitisha dirishani, Baba akampakata. Nilijiona mke mwema sana.

Kisha baiskeli yenye mzigo ikakatiza, ukakanyaga breki. Mimi nilikuwa nyuma yenu, niliona taa nyekundu tu. Kichwa chake kiligonga dashibodi. Alilia, ukamnunulia soda, akacheka, na sisi tukacheka. Nilimkanda uvimbe kwa maji ya moto nikaona yamekwisha. Jumatatu alikupungia mkono ukiondoka, hilo umelitaja kwenye simu mara nyingi mno. Jumanne alitapika. Jumatano tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui, na saa sita mchana akatutoka. Walisema damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Palepale msibani Baba akasema, Godwin yuko njiani peke yake, hana ndugu wa kumshika, ataambiwa akirudi. Kila mtu aliitikia, hata mimi. Tulidhani utakaa miezi michache.

Ukipiga, tulisema amelala. Amekwenda kwa shangazi. Anaonea aibu simu. Mara moja uling'ang'ania picha, na Dickson akakutumia ya mtoto wa jirani aliyegeuka mgongo akichota maji. Ukajibu, "Jamani, amekua!" Neno hilo lilinikosesha usingizi wiki nzima.

Lakini ubaya wenyewe haukuishia kwenye kukudanganya wewe. Kwa uongo wetu mtoto ameendelea kukua humu ndani. Mama anajua sasa angemfika wapi kwa urefu. Kisa anasema Januari angeanza darasa la awali. Na mimi nikikata gauni la Kisa kwenye meza yangu ya cherehani, mikono inakata na lingine dogo kabla sijaizuia. Ninayo matatu kabatini, hayajavaliwa na mtu. La mwisho nimelishona refu kuliko la kwanza.

Ndipo vikaja viti vyako, nawe ukasema Desemba unakuja, na kabla hujaja unataka picha ya watoto wote watatu wamefungwa mikanda.

Sikia basi ilivyokuwa kuviingiza. Nilichukua futi yangu ya kushonea. Kiti cha nyuma cha hii Vitz yetu ni sentimita mia moja na ishirini na sita. Viti vyako vitatu, bega kwa bega, mia moja na thelathini na tatu. Saba zinazidi. Fundi Anyelwisye akaja kutoka mjini, akatazama, akasema, "Mama Kisa, si watoto ni wawili? Toa hiki cha katikati, kazi imekwisha." Alisema kweli, nami nikamfokea mbele za watu kama mwizi. Maskini, aliomba radhi bila kujua ya nini.

Mimi ni fundi nguo. Nguo ikibana sikati mkono mzima, natafuta pa kuachia mshono. Tukafungua skrubu za vile vishikio vya vikombe pembeni. Cha Kisa mgongo wake unachomoka, tukabakiza kikalio. Tukatanguliza cha katikati, Anyelwisye akikikandamiza kwa goti na mimi nikivuta mkanda, halafu tukavisukuma vya pembeni. Mlango wa kushoto ukagoma. Tukavitoa vyote, tukaanza upya. Ilipofika saa tisa alasiri milango yote ilifungika, na jasho lilikuwa limetuloanisha kama tumetoka kupanda mpunga.

Mikanda yenyewe tuliitafuta sana. Ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, imekunjwa na kufungwa kwa mpira, haijawahi kutolewa tangu Dickson anunue gari. Siku ile ya harusi Mama na Kisa walikuwa wameikalia. Niliikuta na punje za mpunga wa Ikolo.

Basi wiki mbili tumetembea na viti vitatu. Picha sikupiga. Barabara yetu unaijua, na kifungio cha kiti kitupu kilikuwa kinagonga plastiki njia nzima, ko, ko, ko, kama mtoto anayetaka kushuka. Kisa akaanza kukifunga yeye, bila kuambiwa, kabla ya kufunga mkanda wake. Dickson amegeuza kioo cha ndani kinatazama dari. Mimi nilikaa mbele na shingo imekakamaa, kwa sababu nyuma yangu palikuwa na watoto watatu, nilikuwa nawasikia. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta wawili.

Alhamisi Baba akaja. Nilikuwa ndani ya gari nafuta vumbi, nikasikia fimbo yake, nikainama kama desturi ili apite. Hakupita. Alisimama upande wa migomba akinipa mgongo, akamwita Kisa.

"Mwambie mama yako amwandikie Godwin. Yote."

Kisa akageuka, akanirudilia, ingawa kila neno nililisikia.

"Mwambie aandike kwamba breki ilikuwa ya Godwin, lakini mikono ilikuwa yangu. Upepo ulikuwa unaingia dirishani. Nilikuwa nimeshika kofia."

Mtoto hakuelewa. Akalisema vilevile, kwa sauti yake ya kusoma darasani: mikono ilikuwa yangu, nilikuwa nimeshika kofia.

Ile kofia ya kijivu, shemeji, ambayo hatujamwona nayo tena. Tulidhani imepotea msibani. Kumbe mzee amekaa nayo peke yake miaka yote hii, na alipozuia usiambiwe hakuwa anakuonea huruma wewe tu. Nilimwonea uchungu ambao sikujua ninao.

Nikamwambia Kisa, "Mwambie babu, mama anasema nafasi nyuma ilikuwepo, akachagua bodaboda ili watu wamwone mke mwema." Akapeleka. Babu akajibu kitu, akakirudisha. Mtoto wa miaka saba anatubebea maneno kama hayo, huku na huku, mpaka nikaona haya. Nikashuka garini, nikasimama. Nikasema mwenyewe, "Baba, nimesikia." Miaka tisa nimeolewa hapa, na hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia. Hakugeuka, lakini aliitikia kwa kichwa.

Kesho tunakwenda Kasumulu kumkabidhi Yusto barua hii, na Baba amesema lazima aende. Dickson ataendesha, Baba atakaa mbele. Juzi nilisema basi mimi nitafuata kwa bodaboda. Baba akamtuma Kisa: "Mwambie mama yako gari lina nafasi."

Kwa hiyo jioni hii nimekitoa kiti cha katikati. Kazi iliyotuchukua siku nzima na watu wawili, nimeifanya peke yangu kabla maji ya chai hayajachemka. Kilitoka kwa urahisi mno, na hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho sikulia hata tulipomzika. Nimekiweka chumbani kwako, karatasi yako ingali juu yake. Kesho nitabanwa hapo kati ya Kisa na Ambwene, nyuma ya Baba, na hakuna mtoto atakayepakatwa na mtu.

Sasa nisikilize. Hukumuua. Nakuandikia mimi mama yake, kwa mkono wangu, ili ukianza kujisemea usiku utoe karatasi hii usome. Kuna breki, kuna kofia, kuna bodaboda, na hakuna kati yetu aliyemtakia mabaya. Kinachotutisha ni kimoja tu, kwamba baada ya kusoma hutakuja tena. Baba haulizi kingine. Anahesabu Desemba kama mtoto. Njoo, shemeji. Hukuwepo tukimzika, na udongo wako haujawekwa. Tutakwenda wote pale migombani uuweke.

Mama anakusalimu, anasema ule hata kama huna hamu. Dickson anakusalimu. Kuandika hakuweza, lakini amekaa kwenye kigoda pembeni yangu tangu nilipoanza mpaka sasa. Kisa na Ambwene wanamsalimu baba yao mdogo. Msalimie sana Andrea mnayekaa naye chumba kimoja, na umwombe kwa niaba yangu asikuache peke yako wiki hii.

Mungu aliyekuvusha Songwe ukiwa hujui, akuvushe tena ukiwa unajua, na akufikishe nyumbani mzima.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye bila kinyongo chochote,

Angetile
Mama wa Kisa, Asifiwe na Ambwene