Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi

Al Mansoura, Ijumaa, 2014

"Sijapotea," nimemjibu dadangu kwa simu. "Nimetoka kwa grupu ya simu ya matanga ya ndugu yetu Otis juu nimeona mwenyekiti ni nani. Ni yule yule! Genge lake ndilo lilimuua kwa kukataa kuwalipa ndio aruhusiwe kuuza maji mtaani. Sasa ndiye anachagua jeneza na kutuandikia 'poleni familia'. Huyo hata machozi atatuuzia kwa mtungi."

"Nyamaza, kaka," dada akanong'ona. "Mama bado anaishi huku."

Nikakata simu. Siku nzima nimefungulia wageni mlango wa hoteli huku ng'ambo, West Bay, nikiwachekea kama sina matanga.

Sasa daftari, tufanye dili. Jina lake nimeliandika ukurasa wako wa mwisho. Lifiche mpaka nimtoe mama huko, halafu tutaenda polisi mimi na wewe.