Mianzi ya Jirani

Shoga uko wapi?? Nimejifungia chooni, nacheka mpaka mbavu zinauma!

Unaikumbuka ile mianzi iliyotoboa sakafu ya jikoni kwangu? Ile ninayomfokea yule mama jirani kila siku kwamba imetoka kwake? Leo kaja na jembe begani. "Jirani, leo tunachimba. Tunaufuata mzizi mpaka mwisho, tujue mchokozi ni nani."

Nikamwambia twende! Kichwa juu kabisa.

Tukaanzia mlangoni pa jikoni. Mzizi ukaenda, ukaenda, ukakaribia ukuta wake. Nikaanza kushangilia. Shoga, ukapinda! Ukapinda ukarudi kwangu, moja kwa moja hadi kwenye kile chungu cha maua alichotuzawadia mama mkwe siku ya harusi. Kukisogeza tu, kimepasuka chini, mizizi imetapakaa kama tambi.

Jirani akakaa palepale kwenye udongo. "Kumbe niliyeonewa ni mimi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mara geti likagongwa. Mama mkwe! Na chungu kingine mkononi!

"Mwanangu, mume wako kaniambia ule mwanzi umestawi sana. Nimekuletea mwenzake."

Mwenzake, shoga. MWENZAKE.

Nikasema, "Asante, mama." Nikakimbilia huku chooni.

Sasa wako nje wawili, jirani anamsaidia kuchagua pa kuupanda. Namsikia hapa dirishani, sauti tamu kama asali: "Hapo katikati panafaa, mama. Karibu na chumba chao cha kulala."