Carreaux za zamani mu magasin yangu

Angèle. Usijibu kwanza, soma tu.

Unamujua tata Symphorien, mukubwa wa komite ya kulinda manyumba ya zamani. Leo alileta bageni kuona magasin yangu ya bitenge.

Akabaonyesha nguzo za barza. Kiisha akabaonyesha carreaux, bigae bya chini. Akasema ni za mwanzo, tangu bazungu balijenga, hakuna mutu mwenye aliziguza.

Njo carreau moja ikanyamuka. Yenyewe. Mbele ya kiatu yake.

Mi nilifikiri ni panya. Ikanyamuka ingine. Kukatoka kichwa ya mutu na torche. Creuseur, Angèle, muchimba madini. Katikati ya bitenge yangu!

Akasalimia muzuri: "Bonjour bamama, bonjour batata." Nikaitika. Weye ungefanya nini?

Akamuona Symphorien, akafurahi sana. "Ah, patron! Tulifwata madini vile ulituambia, njo tumetokea hapa. Kumbe ulikuwa unatungojea?"

Patron. Alimuita patron, mukubwa yake wa kazi. Mbele ya bageni.

Batu bote bakamuangalia Symphorien. Yeye akaangalia yulu ku dari. Akasema, pole pole, plafond nayo ni ya mwanzo.

Sasa niko naikala inje ku barza, juu mule ndani naogopa hata kukanyaga.

Na ni ule ule tata, Angèle, mwenye mwaka jana alinikatalia musumari moja ya kutundikia bitenge mu ukuta. Alisema nyumba itaumia.