Kikapu cha Marehemu Mnadani Ikungi

Jumatano, usiku

Bado naisikia sauti ya yule bibi.

Tangu mbuzi wetu afe, tukamkuta na bonge la vifuko vya plastiki tumboni, nilijiapiza kutovileta tena nyumbani. Leo ndiyo nimeanza. Nilishusha kikapu cha mama, kilichokuwa kinaning'inia ukutani tangu tumzike, nikaenda nacho mnadani Ikungi.

Dada alinikataza. "Hawa, hicho ni kitu cha marehemu. Kiache." Nikacheka tu.

Kilinifaa kweli. Nyanya na vitunguu nikatia humo humo, dagaa wakafungwa kwenye gazeti. Sikupokea kifuko hata kimoja, na nilifurahi.

Halafu nikafika kwa bibi muuza karanga, ambaye mama alikuwa mteja wake miaka yote. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri.

"Shikamoo, bibi."

Alikishika kikapu, akaupapasa mshikio ambao mama aliushona kwa kamba ya katani.

"Mama Hawa! Umepona? Niliambiwa unaumwa sana."

Nilitakiwa nimwambie kwamba mama… Sikuweza. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimepona, bibi."

Alifurahi mno, akaniongezea karanga bila kuombwa.

"Mungu ni mkubwa. Na Hawa, mwanao, hajambo?"

Nikasema hajambo.

Hilo nalo si kweli.